Supavaiza wangu katoka kemia ya bahari kaingia matirio ya kutunza joto, hivi vitu vinakutana wapi?

KijanaWaMaabara

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Niko mwaka wa mwisho, kemia, na majuzi tumegawiwa masupavaiza wa projekti. Mimi nimeangukia kwa dokta mmoja mpole mpaka unaogopa, tatizo simwelewi anafanya nini hasa. Nimesoma pepa zake karibu zote. Za zamani ni bahari tupu, maji ya bahari yana nini ndani, yakikauka nini kinaganda kwanza na nini kinafuata, magnesiamu inaishia wapi. Ukifika katikati bahari inapotea kabisa, kuanzia hapo ni joto joto joto, chumvi inakaushwa halafu inapewa mvuke halafu inapimwa imetoa joto kiasi gani, matirio ya themokemia wanayaita, yaani ya kutunzia joto. Wenzangu darasani wanasema huyo kafuata ruzuku tu, hela za bahari ziliisha akakimbilia nishati.

Nikajikaza nikamuuliza, dokta kwani ulibadilisha fani? Akacheka, akasema hajahama nyumba, kahamia chumba cha pili. Kisha akafungua kabati akanipa kisahani cha kioo chenye chengechenge nyeupe, akasema kiache wazi mezani wikiendi nzima, Jumatatu uniambie umeona nini. Ijumaa nimeviacha vikavu kabisa, ukitikisa kisahani vinalia. Jumatatu nakuta maji. Sijamwagia kitu jamani, dirisha tu lilikuwa wazi. Nikamwambia dokta vimeyeyuka, akasema "sawa, lakini hilo ni jina la kilichotokea, sio jibu."

Sasa wakuu, kuna uhusiano wa kweli hapo au nakubali maneno ya darasani? Na mtu akiulizwa kwenye intavyuu ulifanya projekti ya nini anajibuje, bahari au moto?

Bi Mkubwa Jikoni

Hiyo ya kisahani ndio chumvi yangu kila masika, naweka kwenye kopo kavu baada ya siku mbili nachota kwa kijiko kama uji. Kama hiyo ni sayansi basi nidai na mimi udokta wangu, miaka 30 nafanya utafiti 😂

Jaruba

@Bi Mkubwa hujakosea hata kidogo na nitakwambia kwa nini, mimi nimefanya kazi kwenye majaruba ya chumvi miaka 11 huku pwani, sina digrii ila hayo maji nayajua kwa ulimi na kwa nyayo.

Iko hivi kijana. Maji ya bahari ukiyaingiza jaruba la kwanza hayatoi chumvi, yanakaa yanapigwa jua, yanahamishwa la pili, la tatu, kila jaruba ni zito kuliko lililopita. Kinachotangulia kuganda ni vitu vya chokaa, halafu inakuja jasi, ile inafanya ganda gumu chini la kukata miguu. Chumvi yenyewe ya kula inaanza kushuka maji yakishapungua mpaka kama sehemu moja ya kumi ya yale uliyoanza nayo. Tuna kipimo cha kioo kinachoelea, digrii za Bomé, kikisoma 25 au 26 unajua chumvi inaingia, na kikikaribia 30 msimamizi anapiga kelele toeni maji toeni maji. Kwa nini? Kwa sababu yaliyobaki hapo sio ya chumvi tena, ni machungu, sijui niseme machungu kama nini, shubiri ina nafuu. Yana utelezi ukiyashika, kama mafuta, na ukiwa na mchubuko utamkumbuka mama yako. Hayo maji machungu sisi tulikuwa tunayarudisha baharini kila siku ya Mungu.

Sasa Bi Mkubwa, msimamizi akichelewa kuyatoa yale maji machungu, yanaganda pamoja na chumvi, unavuna chumvi yenye uchungu kidogo. Ukiiweka ghalani mchana inaonekana kavu safi, usiku unakuta magunia yanatoka jasho, asubuhi sakafu imelowa na hakuna paa linalovuja. Sisi tulisema chumvi inalia. Mnunuzi anayejua anapitisha mkono chini ya gunia kabla hajauliza bei. Tulichoambiwa ni kwamba anayelia ni magnesiamu, chumvi yenyewe haina hatia. Kwa hiyo hicho kisahani cha dokta mimi nabeti ni magnesiamu kloraidi, ni yale maji yetu machungu yamekaushwa yakafungwa kwenye chupa na kuuzwa bei ya dhahabu.

KijanaWaMaabara

@Jaruba kaka umejuaje, nimerudi kuangalia lebo ya chupa na kweli ni magnesiamu kloraidi 🙌 lakini joto linaingiaje hapo?

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha kemia sekondari mpaka chaki ikaniisha, ngoja nikujibu kwa urefu kidogo mdogo wangu, leo umeme umerudi.

Kwanza wenzako wa darasani waambie kwamba aliyewahi kukaa vyumba vyote viwili vya hiyo nyumba ndiye mtu wa kwanza kabisa kupewa Nobeli ya kemia, mwaka 1901. Jacobus van 't Hoff, Mholanzi wa Rotterdam. Mwaka 1884 alitoa kitabu ambacho ndani yake kuna ile ikweshoni mliyokaririshwa, ya namna msawazo wa kemia unavyosogea joto likibadilika. Nyie mnaijua kama ya mtihani. Halafu mwaka 1896 akahamia Berlin, na ukitegemea mtu wa namna hiyo angeendelea kuchora nadharia, yeye akajifungia miaka kama 10 na kitu anashughulika na nini? Chumvi ya bahari iliyokauka. Ujerumani kuna mahali panaitwa Stassfurt, walikuwa wanachimba chumvi za potasiamu kwa ajili ya mbolea tangu 1861, na ule mgodi wote ni bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Swali lilikuwa hili, matabaka yale yamepangana hivyo kwa nini, na maji yalikuwa na joto gani yalipokuwa yanakauka? Maana bahari ikifika kwenye maji machungu ya Jaruba mambo yanakuwa vurugu, sodiamu, potasiamu, magnesiamu, kloraidi na salfeti vyote vimo, na vinaoana ovyo ovyo kutoa chumvi mchanganyiko ambazo kila moja inabeba maji yake ndani ya fuwele kwa idadi maalumu. Yeye na mwenzake Meyerhoffer wakakaa wanachora ramani nzima, kwa nyuzi 25 nini kinaishi na nini, kwa nyuzi 83 nini kinaishi na nini. Chumvi ya mgodini ikawa kipimajoto cha bahari iliyokufa kabla ya dinosaria.

Sikiliza hapa sasa ndio penyewe. Hiyo idadi ya maji ndani ya fuwele haibaki vilevile ukibadilisha joto. Kuna mfano mmoja naupenda sana, uchukue salfeti ya sodiamu yenye maji yake kumi na salfeti ya magnesiamu yenye maji yake saba, zote kavu, unga kabisa. Zitwange pamoja. Chini ya nyuzi kama 22 zinabaki unga, ukipita hapo zinaungana kuwa chumvi moja inayohitaji maji manne tu, na maji 13 yanafukuzwa nje, unga mkavu unageuka tope mbele ya macho yako. Hapa kwetu ukijaribu sijui kama utapata hata muda wa kuona unga, chumba chenyewe kiko 28.

Maji kuingia kwenye fuwele ni kitendo cha kemia kama kitendo kingine, yanaposhikwa panatoka joto, ukitaka kuyang'oa lazima ulipe joto lilelile. Dokta wako anaelekea huko huko. Chumvi ikikaushwa imekopeshwa joto. Ukiifungia kwenye chupa isipate unyevu, deni linakaa mwezi, mwaka, haijali, haipoi kama chai kwenye chupa. Ukiipa mvuke inalipa. Na ili ujue italipa nyuzi ngapi kwa unyevu gani unachora logi ya presha ya mvuke dhidi ya moja gawa kwa joto, unapata mstari karibu umenyooka, mteremko wake ndio joto lenyewe. Mstari huo ni wa nani? Wa yule yule Mholanzi.

Kisahani chako kwa hiyo kilikuwa kinalipa deni wikiendi yote, kidogo kidogo hewani, hakuna aliyeshika kipimajoto. Nadhani ndio jibu dokta analolisubiri, kwamba maji yametoka wapi na joto limekwenda wapi.

Ukitaka kuhisi kwa mkono nenda famasi kanunue chumvi ya haluli, ile wazee walitupa ya kuharishia, ni salfeti ya magnesiamu. Chukua kijiko, koroga kwenye maji kidogo, utasikia kikombe kinapoa. Sasa nyingine iweke kwenye chombo jikoni uikaushe moto wa wastani mpaka iache kutoa mvuke, ipoe kabisa, ponda, weka kijiko cha maji. Kinachemka mkononi. Chumvi ni ile ile moja. Ila tahadhari mbili, usitumie maji mengi kwa mara moja na usitumie sufuria ya mtu.

Bi Mkubwa Jikoni

Kwa nini chumvi yangu ya kawaida isitumike kutunza joto basi, tunayo tele nchi nzima

Mwalimu Mstaafu

@Bi Mkubwa swali zuri dada. Chumvi ya kula haishiki maji ndani ya fuwele kwenye joto letu, ipo aina yake yenye maji mawili lakini inaishi kwenye baridi ya kugandisha tu, ikipanda karibu na sifuri inayaachia. Yenyewe ikiwa safi hailowi mpaka unyevu wa hewa upite asilimia 75. Magnesiamu kloraidi inaanza kulowa kwenye 33. Pwani hiyo 33 hatuioni hata kiangazi, ndio maana chembe chache za maji machungu zinakuliza kopo zima.

MdauUholanzi

Habari zenu kutoka kwenye baridi. Mimi ni fundi tu wa mabomba ya joto huku, sio mtafiti, ila hii mada ipo karibu na kazi yangu nikashindwa kupita kimya.

Huku shida yao ni moja, kiangazi jua ni la kumwaga na hakuna anayelihitaji, Januari kila mtu anachoma gesi. Tenki la maji ya moto halikai miezi sita, litapoa. Kwa hiyo chuo kikuu cha ufundi cha Eindhoven na taasisi inaitwa TNO wamekomaa miaka mingi na hizi chumvi, wakachambua mamia ya haidreti, yaani chumvi zinazoshika maji ndani ya fuwele, na waliyoipenda mwisho sio ya magnesiamu wala nini, ni kaboneti ya potasiamu. Nilipoambiwa nikacheka peke yangu maana hiyo sisi kwa bibi yangu upande wa magharibi ya Kenya ni musherekha, unachoma maganda ya maharage au ya ndizi, unachuja maji kwenye majivu, unatia kwenye mrenda. Ni yale yale, maji ya majivu kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya potasiamu. Wazungu wanaijengea betri.

Hesabu yake kwa lugha ya tokeni, mita moja ya ujazo ya fuwele za hiyo kitu kwenye karatasi inabeba kama yuniti 360. Maji ujazo uleule ukiyapandisha nyuzi 50 unapata kama yuniti 58. Na inakauka kwenye nyuzi kama 65 tu, hita ya jua ya kawaida ya juu ya paa inafika hapo. Nasema kwenye karatasi kwa sababu ukishaacha nafasi za hewa kupita katikati ya chembe, ukaweka feni na mabomba, inashuka sana, usije ukaahidi mtu 360.

Sasa kwa nini wasitumie ya magnesiamu ambayo bahari imejaa. Salfeti, yaani hiyo haluli, kwa namba ni tamu sana, inabeba maji saba, lakini kwanza ni mvivu, ukiipa hewa ya baridi yenye unyevu kidogo inalipa deni lake taratibu kama mdaiwa wa mtaani. Pili ukiipasha moto haraka inayeyuka kwenye maji yake yenyewe halafu inaganda jiwe, mvuke haupiti tena. Kloraidi ndio balaa kubwa zaidi, ukizidisha moto kidogo haitoi maji peke yake, inatoa na mvuke wa asidi ya haidrokloriki, chombo chako cha chuma kinaliwa. Nimeona kwa macho koili ya shaba iliyotolewa kwenye mashine ya majaribio, imepauka kijani kama sarafu iliyookotwa baharini, na fundi mwenzangu alipoigusa ikabaki vumbi kidoleni. Na zote zikizidiwa unyevu zinageuka supu kama kisahani cha kijana, zinashuka chini zinakauka pamoja, mzunguko unaofuata una tofali badala ya chembe. Kwa hiyo asilimia kubwa ya utafiti wa sasa sio kutafuta chumvi mpya, ni kuizuia isigande, wanaiingiza kwenye vitundu vya madini kama vermikulaiti au silika ili kila chembe ikae chumba chake.

Kijana, mtu aliyetumia miaka kumi anaangalia chumvi ya bahari inaganda vipi na inalowa vipi ndio mtu wa kumuajiri kwenye tatizo hilo. Mtu wa nishati tupu hajui tofali linaanzia wapi.

Mbishi Asilia

Nawasoma tangu asubuhi na naona mnashangilia kitu cha wazungu. Huku kwetu nani anatunza joto? Dar saa nane usiku nalala na feni kifuani, mnaniambia niweke na betri ya joto chumbani. Dogo chukua projekti ya sola ya umeme upate kazi, achana na uji wa chumvi.

MdauUholanzi

@Mbishi hoja ya nyumba nakukubalia, hakuna mtu Tanga atakayenunua hita ya Januari. Lakini joto sio la kupasha chumba tu. Wakaushaji wa dagaa, wa mwani, wa korosho, mvua ikinyesha siku mbili wanafanyaje? Dagaa inaoza juu ya chanja unaiangalia. Na hii chumvi inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, ikivuta unyevu hewa inayotoka upande wa pili ni ya moto na pia ni kavu, hicho ndicho kikaushio kinachohitaji, mchana jua linaikausha chumvi usiku chumvi inakausha samaki. Hayo ni mawazo yangu, sijakuletea kiwanda.

Mbishi Asilia

Na unyevu wetu? Umesema mwenyewe ikizidiwa inakuwa supu.

MdauUholanzi

Hapo umenikamata na ndipo penye projekti. Hiyo ya majivu inaanza kulowa kwenye asilimia kama 43, huku Januari hewa ya nje ni baridi na ina mvuke kidogo mpaka wanatafuta namna ya kuongeza, kwenu ni kinyume, usiku wa pwani ni 80 na kitu, ukifungua tu umepika uji. Kwa hiyo chombo cha Eindhoven ukikihamishia Kilwa kama kilivyo hakifiki mwezi. Lazima mtu akae apime chumvi zetu kwenye hewa yetu, na huyo mtu sio Mholanzi.

Mzee wa Tanuu

Hodi vijana. Naona mmetaja Rotterdam na Berlin na Eindhoven, hakuna aliyetaja chokaa.

Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Unapanga magogo duara kubwa, katikati unaacha tundu, juu unapanga matumbawe na mawe ya bahari mpaka kifuani kwa mtu, ndio tanuu. Inawashwa inawaka siku na usiku, asubuhi inayofuata yale mawe yamekuwa mepesi mkononi, meupe, yanapasuka ukiyabonyeza. Hiyo ni chokaa hai. Watoto tulikatazwa kuigusa tukitoka kuogelea, na sababu tuliijua siku mmoja wetu alipokaidi na mikono mibichi. Halafu inakuja kuizima, unamwagia maji na inalia shiiii, inachemka yenyewe bila kuni, mvuke unapanda kama sufuria ya pilau, watu wazima wanarudi nyuma. Na mzee alikuwa anasema moto ule sio wa maji, ni wa magogo ya jana, ulijificha ndani ya jiwe. Sijui alisoma wapi, hakusoma.

Majumba ya mawe ya Lamu, ya Unguja, magofu ya Kilwa, yote yameshikwa na moto huo uliojificha. Na nahodha yeyote alijua kwamba kubeba chokaa ambayo haijazimwa kwenye jahazi linalovuja ni kubeba kifo, maji yakiingia inajipasha yenyewe mpaka mbao zinashika. Kwa hiyo kijana, bahari na joto kukutana ndani ya unga mweupe, pwani hii tumelijua kabla ya Nobeli. Matumbawe yaacheni siku hizi, yameshaumia vya kutosha, lakini msiseme ni kitu cha wazungu.

Mwalimu Mstaafu

Mzee wangu shikamoo, umenivua nguo hadharani, nimefundisha kuzima chokaa miaka 27 na sikuwahi kuiunganisha na hili. Ni kweli tupu, kalisiamu oksaidi na maji ni moja ya jozi zinazofanyiwa kazi sana kwenye themokemia ya joto kali, Wajerumani wa DLR, kituo chao cha utafiti wa anga, wanahangaika nayo, kuirudisha hai unahitaji nyuzi kama 500. Na ndugu yake wa magnesiamu anahitaji kidogo zaidi ya 300, huyo amefanyiwa kazi na profesa Kato wa Tokyo miaka mingi.

Na tazama mduara, haidroksaidi ya magnesiamu watu wanaipata kutoka wapi? Bahari ina gramu 1.3 hivi za magnesiamu kwa kila kilo ya maji. Mwaka 1941 kiwanda cha Dow kule Freeport, Texas, kilianza kutoa magnesiamu kwenye maji ya bahari, na ili kuishusha kutoka kwenye maji walitumia chokaa, na chokaa hiyo waliichoma kutoka kwenye makombe ya chaza. Tanuu ya babu yako mzee, ila kubwa. Unatia chokaa kwenye bahari, bahari inakupa unga mweupe mwingine, unga huo ukiukausha unatunza moto.

KijanaWaMaabara

Wakuu samahani kwa kupotea, nilikuwa napambana na yatokanayo.

Nimefanya jaribio la haluli. Mwalimu ulisema nisitumie sufuria ya mtu, mimi nikaona nitumie ya dada ninayekaa naye maana nitaiosha, sawa. Ile chumvi ilianza kwa kuyeyuka, nikadhani nimekosea nimeweka maji kumbe ni maji yake yenyewe, ikachemka mapovu, halafu ghafla ikakaza, nikakoroga kijiko kikasimama wima katikati. Ndio tofali la Mdau hilo. Nimetumia bisibisi kuchokoa, nimepata vipande vya kutosha kiganja, sufuria imebaki na ramani ya Afrika chini. Nikaweka vipande kwenye kikombe cha bati nikatia kijiko cha maji, nikashika kikombe nikakiachia, sikutegemea kabisa, kipimajoto cha maabara nilichoazima kilitoka 29 mpaka 70 na kitu kabla sijaacha kushangaa.

Jumatano nikaenda kwa dokta, sikusema vimeyeyuka. Nikamwambia maji yametoka hewani, na joto limetoka kwenye jiko lililokausha zile chenge kule kiwandani zilikotengenezwa, limekaa kwenye chupa sijui miaka mingapi, limetokea dirishani wikiendi ile na mimi sikupima. Akanyamaza. Akafungua droo akanipa kipimajoto, akasema rudia.

Na topiki tumekubaliana, anataka nichukue yale maji machungu ya majaruba yenyewe, sio magnesiamu ya chupa, niyakaushe kwa jua nione yanatoa nini na yanalipa joto kiasi gani kwenye unyevu wa hapa kwetu. @Mbishi nimekusikia kaka, swali lako la unyevu ndio limekuwa kichwa cha projekti, jina lako nitaliweka kwenye shukrani ukinipa la kweli.

@Jaruba sasa nakuomba kaka yangu, nitapata wapi lita kama 40 za hayo maji yaliyofika 30 Bomé?

Mbishi Asilia

Andika Mbishi tu inatosha.

Jaruba

Lita 40 hakuna atakayekuuzia, watakucheka, watu wanamwaga pipa kwa pipa. Njoo mwisho wa kiangazi kabla mvua hazijaanza maana zikianza zinatibua kila kitu na Bomé inarudi chini. Njoo na madumu ya plastiki, sio ya bati, na ufunike vizuri vidonda. Kuna wenzangu bado wako kule, nitawaambia wakuonyeshe jaruba la mwisho. Na ukifika uonje kidogo kwa ncha ya ulimi, usimeze, maana ile haluli ipo humo humo na choo kiko mbali.

Bi Mkubwa Jikoni

Na dada yako umemnunulia sufuria?